Mbegu ya fahali hukaa miaka kwenye mtungi, kwa nini figo ya mtu haimalizi hata siku mbili?

Mpandishaji_Njoro
Habari zenu. Mimi napandisha ng'ombe huku Njoro na Molo, mwaka wa 11 sasa. Jana nilimpandisha ng'ombe wa jirani kwa mbegu ya fahali aliyekufa zamani. Mrija wa mbegu ulikuwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nikauchovya kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 kwa nusu dakika hivi, nikaupangusa, kazi ikaisha. Usiku nikaketi na shemeji yangu ambaye husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Akaniuliza swali lililoninyima usingizi: kama mbegu ya ng'ombe inangoja miaka, mbona figo ikitolewa inawekwa kwenye barafu tu, na ikipita siku moja na nusu madaktari wanaanza kuiogopa? Si ingegandishwa ikangoja mwenyewe? Mwenye kujua anieleze bila kunizungusha.

MamaDunga
Mimi nauza samaki Dunga, udaktari sikusomea, lakini hilo swali nalijibu kwa wateja kila siku. Samaki wa barafu na samaki aliyegandishwa si kitu kimoja. Ngege niliyemlaza kwenye barafu ya kupondwa asubuhi, jioni jicho bado linang'aa, na ukimbonyeza mgongoni nyama inarudi. Yule aliyekauka kama jiwe kwenye friza, mwache kwenye sinia ayeyuke uone. Maji yanamtoka mekundumekundu, na ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Hayo maji yalikuwa wapi? Yalikuwa ndani ya nyama. Kilichoyashikilia kimepasuka.

Kaka_Kondele
Mama amemaliza. Uzi ufungwe.

VetMwanafunzi
Usifungwe bado. Nipo mwaka wa nne, udaktari wa mifugo, hapa hapa Njoro. MamaDunga amesema kweli kabisa: maji yakiganda polepole yanafanya fuwele zenye ncha, na zinatoboa kuta za seli. Lakini Mpandishaji atauliza, mbona mbegu haitoboki? Kwanza, imechanganywa na gliseroli, ambayo inazuia fuwele. Hilo liligunduliwa Uingereza mwaka 1949, kwa mbegu za jogoo. Pili, mrija wako ni robo au nusu mililita. Ukiuchovya kwenye maji, joto linafika katikati mara moja. Figo ya mtu ni kama gramu 150. Nje itakuwa imeshayeyuka huku katikati ni jiwe.

Tatu, na hili watu hulisahau: ukigandisha mbegu karibu nusu zinakufa. Mrija una mamilioni, zikifa nusu ndama bado anapatikana. Figo haikubali hesabu hiyo. Kila kimrija cha damu ndani yake kimeshikana na kingine, kikipasuka kimoja damu inavuja.

Mpandishaji_Njoro
Hiyo ya nusu kufa ni kweli, tumeiona kwa darubini tukiwa mafunzoni. Asante. Na hilo la joto nalijua kwa uchungu. Mwaka juzi mtungi wangu ulianza kuota umande mweupe shingoni, sikuelewa kwamba utupu wa kati ya kuta zake umeingia hewa. Siku tatu baadaye naitrojeni ilikuwa imekwisha na mbegu zote zimekufa. Kwa macho mirija ilikuwa mizima vilevile, rangi zake na maandishi yake yote yapo.

Mwalimu_Kakamega
Nafundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne. Naona mnazungumzia kuganda tu, na figo ya hospitali haigandi! Inakaa nyuzi 4 hivi, juu ya sifuri. Fuwele hakuna, na bado inaharibika. Kwa hiyo sababu ni nyingine.

Kila seli ina pampu ukutani. Inatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana, na inakula nishati. Ukikata damu, oksijeni inakwisha, nishati inakwisha, pampu inasimama. Sodiamu inaingia na kuvuta maji, seli inavimba. Baridi inasaidia kwa sababu kila ukishuka nyuzi 10 kazi ya seli inapungua kwa nusu au zaidi. Lakini haisimami. Kwenye nyuzi 4 bado kuna kama asilimia 10 ya kazi inaendelea, na hakuna anayeleta chakula.

Ndiyo maana mwaka 1969 Collins na wenzake kule California walitengeneza maji ya kuoshea figo yanayofanana na maji ya ndani ya seli, potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Figo ikakaa saa 30 kwenye barafu ya kawaida. Baadaye Belzer na Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakatengeneza yao bora zaidi, wakiyajaribu kwa nguruwe.

VetMwanafunzi
Mwalimu, shikamoo, nakurekebisha kidogo hapo mwisho. Ni mbwa. Collins naye alitumia mbwa. Hata Belzer mwenyewe mwaka 1967 alikuwa ameshahifadhi figo za mbwa saa 72 kwa mashine inayosukuma maji baridi ndani yake, kabla hajahamia Wisconsin. Nguruwe ndio wanaotumika sana siku hizi, na kuna sababu. Figo ya nguruwe ndani ina vilele vingi kama ya mtu. Ya mbwa, mbuzi au panya ina kimoja.

Jambo jingine: ile hoja ya potasiamu ilikuja kuyumba. Watu walibadilisha, wakaweka sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, na figo zikakaa vizuri vilevile. Kumbe kilichofanya kazi kubwa kwenye maji ya Wisconsin ni molekuli kubwa zisizopita ukuta wa seli, laktobioneti na rafinosi. Hizo ndizo zinazuia kuvimba.

Mwalimu_Kakamega
Marahaba. Mbwa nimekubali. La potasiamu nitalisoma kwanza, kwa sababu nimelifundisha miaka mingi na wanafunzi wangu wananisoma humu.

Mtetezi_wa_Wanyama
Nasoma uzi huu na moyo unauma. Mbwa wangapi? Mnawataja kama vile ni chupa za maabara.

Sista_Ziwani
Mtetezi, swali lako nitalirudia, nimelisikia. Kwanza niongeze kitu kwa sababu naona kila mtu anatazama wakati wa kuhifadhi, na mimi niliyoyaona ni ya wakati mwingine.

Ni nesi wa figo, Kisumu. Nimeingia chumba cha upasuaji kama msaidizi mara kadhaa. Hapa kwetu figo karibu zote zinatoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo zinatoka meza moja kwenda nyingine. Ikitoka ina rangi ya zambarau iliyoiva. Inalazwa kwenye bakuli la barafu iliyosagwa, inapitishwa maji baridi kwenye mshipa wake, na unaona damu inatoka, inatoka, hadi figo inabaki nyeupe ya kijivu kama firigisi ya kuku iliyooshwa. Imepoa, imenyamaza. Halafu inashonwa kwa mpokeaji, vibano vinafunguliwa. Jamani. Inageuka waridi mbele ya macho yako, inajaa, inakuwa ngumu mkononi, na mara nyingine mkojo unachuruzika pale pale juu ya kitambaa kabla hata mrija wa mkojo haujashonwa. Watu wazima wananyamaza chumba kizima.

Sasa daktari mmoja alituambia: dakika hizo nzuri ndizo za hatari. Kiungo kinapokosa oksijeni seli zinalimbikiza kitu kinaitwa sakisineti. Damu ikirudi na oksijeni, mitokondria, yale majiko ya nishati ndani ya seli, zinaichoma yote kwa pupa, na moshi wake unaunguza seli. Watafiti wa Cambridge na wenzao waliionyesha kwa panya mwaka 2014. Kwa hiyo barafu inaweka deni, damu inakuja kulidai.

Kaka_Kondele
Kwa hiyo fuwele, pampu, na sasa moshi. Nani mkweli kati yenu?

VetMwanafunzi
Inategemea kiungo na muda. Wengine watakwambia mshtakiwa mkuu ni utando wa ndani wa mishipa ya damu, unaovimba na kuita askari wa mwili. Ukisoma makala kumi unapata washtakiwa kumi.

MzeeMolo
Niongeze historia. Upandikizaji wa moyo wa kwanza ulifanyika Afrika, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, na aliyeutoa moyo ule alikuwa Mwafrika mwenzetu Hamilton Naki, mtunza bustani aliyejifunza upasuaji kwa kuangalia. Wakamficha kwa sababu ya ubaguzi. Vijana mjue.

Binti_Kapsoya
Mzee, kwa heshima, hiyo habari ilienea sana alipofariki mwaka 2005, na magazeti makubwa yaliyoiandika yakalazimika kuisahihisha. Naki hakuwa kwenye chumba cha upasuaji siku ile. Alikuwa fundi wa maabara ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na huko ndiko ukubwa wake uliko. Alipandikiza maini na viungo vingine vya mbwa na nguruwe kwa mikono yake, akafundisha madaktari wengi waliokwenda kuwa mabingwa. Chuo kilimpa shahada ya heshima ya uzamili mwaka 2003. Ukweli wake unatosha, hauhitaji kuongezwa ule mwingine.

MzeeMolo
Nimeelewa, mwanangu. Nilisimuliwa hivyo na nikakaa nayo miaka. Mtunza bustani lakini alikuwa?

Binti_Kapsoya
Alianzia bustanini, ndiyo. Akaitwa kwenda kumshikilia twiga maabara wanamfanyia uchunguzi, hakurudi tena kwenye majani.

Sista_Ziwani
Hiyo inanirudisha kwa Mtetezi. Mimi sijawahi kushika mnyama wa maabara, lakini kila vibano vikifunguliwa najua ile ratiba ya saa tunayoifuata iliandikwa juu ya miili ya mbwa. Moyo saa 4 hadi 6, pafu saa 6 hadi 8, ini saa 8 hadi 12, figo 24 hadi 36. Silifurahii. Silikatai pia, kwa sababu naona nani analala kitandani.

Mtetezi_wa_Wanyama
Nakushukuru kwa kujibu kama mtu. Mimi sisemi watu wafe. Nasema tangu mwaka 1959 Russell na Burch walipoandika kwamba utafiti ubadilishe mnyama inapowezekana, upunguze idadi, na upunguze maumivu, watu wananukuu tu. Hapa Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na inagusa majaribio pia. Wangapi humu waliijua? Na kuna hoja ya kisayansi: mnyama wa maabara ni kijana, mzima, amekula vizuri. Mtu anayetoa figo baada ya kufa kule Ulaya pengine ana miaka 65 na shinikizo la damu. Dawa ngapi zilimwokoa panya zikamshinda binadamu?

VetMwanafunzi
Hoja ya mwisho sina jibu lake, na wenye fani yao wanalalamika hivyo hivyo. Ila la kubadilisha mnyama lina njia moja nzuri: machinjio. Nguruwe amechinjwa kwa ajili ya nyama, figo ingetupwa au ingeliwa. Unaichukua ndani ya dakika chache, unaiosha, unaiunganisha na pampu, unajaribu joto na maji tofauti. Hakuna aliyekufa kwa ajili yako. Huwezi kujua kama ingeishi wiki mbili mwilini, lakini unajifunza mengi.

Mwalimu_Kakamega
Na huku Kakamega, Busia na Bungoma nguruwe hawakosekani, karibu kila kijiji kina mfugaji.

MamaDunga
Ngojeni. Mmesema pafu saa 6 kwenye barafu. Nina swali la biashara. Samaki mdogo akizama sana kwenye barafu anaungua, ngozi inakuwa na mabaka. Sisi tunaweka gunia katikati. Hawa madaktari hawaweki kitu katikati?

Sista_Ziwani
Mama!! Hilo ndilo walilolipata Toronto. Miaka yote pafu limewekwa nyuzi 4 kwa sababu ya mazoea ya barafu. Wakaweka mapafu ya nguruwe kwenye nyuzi 10 badala ya 4, yakakaa saa 36 na yakapandikizwa yakafanya kazi, mitokondria zikiwa na afya kuliko zile za barafu. Ilichapishwa mwaka 2021, na sasa wameshafanya kwa watu. Nyuzi 6 tu za tofauti, na hakuna dawa ya ajabu.

Kaka_Kondele
MamaDunga apewe maabara yake Dunga, mimi nitabeba gunia.

Mwalimu_Kakamega
Inapingana na nilichosema juu, kwamba baridi zaidi ni kazi kidogo zaidi. Nikubali kwamba kuna mahali ambapo baridi yenyewe inaumiza. Lakini kwa figo na ini sidhani nyuzi 10 zinatosha, maana ini lina kazi nyingi.

VetMwanafunzi
Kwa ini kuna kambi mbili zinazovutana. Moja inasema achana na baridi kabisa. Oxford walitengeneza mashine inayoweka ini kwenye joto la mwili, damu inazunguka, ini linatoa nyongo humo sandukuni. Walianza na nguruwe. Jaribio lao la watu, maini 220, lilichapishwa mwaka 2018: yaliyokaa kwenye mashine yaliumia kwa nusu ya yale ya barafu, na yaliyotupwa yalipungua kwa nusu. Zurich wakaenda mbali, ini siku tatu nje ya mwili, likapandikizwa, na mgonjwa bado mzima mwaka mmoja baadaye.

Kambi ya pili inasema shuka zaidi. Boston mwaka 2014 walishusha maini ya panya hadi nyuzi 6 chini ya sifuri bila kuganda, yakakaa siku tatu na panya waliopokea wakaishi. Walitumia aina ya sukari ambayo seli inaimeza lakini haiwezi kuichoma. Wazo hilo lina ndugu porini. Kuna chura wa misitu ya Amerika Kaskazini ambaye baridi ikija anajaza mwili wake glukosi, anaganda mgumu, moyo unasimama, na majira yakibadilika anaruka.

MzeeMolo
Chura anaganda halafu anaruka? Na hili nalo lisije likasahihishwa.

VetMwanafunzi
Halisahihishwi, mzee. Lipo.

Mpandishaji_Njoro
Nilikuwa shambani, nimerudi nakuta mmejenga chuo. Nauliza tena swali langu la kwanza: je, kuna aliyewahi kufanya kama mtungi wangu, baridi ile kabisa, figo ikarudi ikafanya kazi? Ndiyo au hapana.

Mwalimu_Kakamega
Hapana. Haijawahi, kwa kiungo kizima.

VetMwanafunzi
Ndiyo, mwalimu, samahani. Minnesota, mwaka 2023. Figo za panya zilijazwa dawa ya kuzuia fuwele kiasi kwamba zikipoa haraka zinageuka kama kioo badala ya barafu. Zikakaa kwenye nyuzi 150 hivi chini ya sifuri, nyingine hadi siku 100. Tatizo la kuyeyusha, lile la katikati kubaki jiwe, walilitatua kwa kupitisha chembe ndogo mno za chuma kwenye mishipa ya figo, halafu sumaku inayobadilika inazipasha joto kutoka ndani, kila mahali kwa pamoja. Wakaziosha, wakapandikiza kwa panya watano waliotolewa figo zao zote mbili. Wote wakaishi siku 30 za jaribio. Lakini figo ya panya ni kama gramu moja. Ile ya mtu ni mara mia na zaidi, na kioo kikubwa kikipoa kwa kutolingana kinapasuka.

Mpandishaji_Njoro
Joto kutoka ndani! Miaka 11 nachovya mirija, sikuwahi kufikiria kwamba kazi ngumu ni kuyeyusha. Ngoja nimpigie shemeji.

Kaka_Kondele
Nitasema linalonisumbua, msinielewe vibaya. Tuseme mashine zote zinakuja. Zitahifadhi figo ya nani? Huku kwetu mtu akifa analetwa nyumbani akiwa kamili, anazikwa kamili. Baba yangu asingekubali, na mimi mwenyewe sijui kama ningesaini. Sheria ya Afya ya 2017 inaruhusu mtu kuacha wosia wa viungo, lakini nani ameuandika?

Binti_Kapsoya
Mimi ni mpokeaji. Kaka yangu alinipa, Eldoret, miaka sita iliyopita. Nilikuwa na ndugu watano, wawili damu haikukubali, mmoja ana sukari, mmoja mkewe alikataa, akabaki yeye. Siku ya mwisho kabla ya upasuaji alikula ugali mwingi kisha akaniambia, "Ukiipata iangalie, ina tabia zangu." Kila nikimwona namtazama anavyotembea, kama anainama upande. Hainami. Lakini natazama.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mtu aliyekufa angeweza kunipa, na figo ikangoja siku tatu hadi nipatikane, naona kaka yangu akiwa hana kovu. Si jambo la maabara kwangu. Na baada ya yale yaliyosikika Eldoret mwaka 2025, ya vijana kuuza figo, nawaombea kila njia ambayo haimhitaji kijana mwenye njaa.

Sista_Ziwani
Asante, dada. Hapo umegusa.

Mtetezi_wa_Wanyama
Nimesoma hii mara mbili. Sibadilishi nilichosema kuhusu mbwa, lakini nimekusikia.

MzeeMolo
Mimi naona tatizo ni barabara tu. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ukikwama Salgaa, figo gani itafika?

Sista_Ziwani
Kwa figo barabara si tatizo, mzee. Saa 10 za msongamano bado ziko ndani ya saa 24. Kwa moyo, hapo ndipo ungehitaji ndege.

Mwalimu_Kakamega
Nimeisoma ile ya potasiamu. VetMwanafunzi ana haki kwa sehemu. Bado nasema pampu ndiyo mwanzo wa yote, na sakisineti ya Sista inakuja baada ya pampu kusimama.

Sista_Ziwani
Na mimi nasema figo iliyokaa barafuni saa 20 na kuoshwa vizuri inaweza kufanya kazi siku ya kwanza, na ya saa 12 ikalala wiki nzima mgonjwa akiendelea na mashine. Pampu peke yake hainielezi hilo.

VetMwanafunzi
Alhamisi tuna zoezi. Figo mbili za nguruwe kutoka machinjio, moja kwenye barafu, moja kwenye nyuzi 10, tunapima uzito kila saa kuona ipi inavimba. Kipima joto chetu kimeharibika. Mpandishaji, kile chako cha kupimia maji ya kuyeyushia mirija ni cha kuaminika?

Mpandishaji_Njoro
Nilikijaribu wiki iliyopita kwenye maji ya barafu, kilisoma sifuri kamili. Nitakileta. Shemeji anauliza kama anaweza kuja pia, Alhamisi si siku yake ya mashine. Anasema miaka miwili anaambiwa habari za figo na hajawahi kuiona.

VetMwanafunzi
Aje. Saa tatu asubuhi, na avae sweta, chumba kile ni baridi.